Simba na Yanga wakikutana mtoano Unguja: tunavyoingoja siku hiyo

Assalaam alaykum wana jukwaa. Ndugu yetu aliyehamia Unguja kikazi kutoka Morogoro, Yanga wa damu kwa maneno yake mwenyewe, ameuliza mambo matatu. Simba na Yanga wakikutana kwenye mtoano wa Kombe la Mapinduzi, lile la kila Januari huku Zanzibar, nani anapewa nafasi? Akaangalie wapi? Na je, ni kweli kama alivyoambiwa na wenzake kazini kwamba dabi huku visiwani ni ya kuazima, ni mambo ya Kariakoo, Dar es Salaam, sisi tunatazama tu kama wageni? Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaifuta. Haikutosha.

Nianze na hilo la tatu, maana ndilo lililoniuma.

Mwaka 1975 fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ilichezwa hapa hapa Unguja. Yanga waliifunga Simba 2-0, mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa jukwaani Amaan, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye mpaka siku hiyo hakuwa na timu. Aliingia kwa kufuata wenzake. Mpira ulipokwisha, anasema, alimwona mzee mmoja mwenye kanzu amekaa peke yake ngazi ya chini, kofia ameivua ameiweka gotini, analia bila kujificha uso. Mjomba akaenda akakaa pembeni yake mpaka uwanja ukabaki mtupu. Tangu siku hiyo yeye ni Simba. Aliingia Simba kwa mlango wa msiba, na hajatoka. Sasa mtu kama huyu uende ukamwambie dabi ameazima!

Mwaka 1992 wakakutana tena, fainali ya mashindano hayo hayo, hapa hapa Unguja. Mimi nilikuwa skuli, mdogo, sikuruhusiwa kwenda uwanjani. Nakumbuka asubuhi baba alitoa mawe ya redio akayaanika juani ukutani ili yapate nguvu, na kila nikipita nilikuwa nayageuza kama mtu anayechoma mahindi. Dakika tisini zilikuwa 1-1, na penalti Simba wakashinda 5-4. Baba alizima redio akaenda kuswali isha, na usiku ule hakuzungumza na mtu tena. Asubuhi yake mjomba akaja na mikate ya mofa. Nitairudia hiyo mikate.

Halafu 2011, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Simba 2-0. Halafu 2017, nusu fainali. Halafu 2021, fainali. Hesabu mwenyewe: katika hizo tano ninazokutajia, tatu ziliamuliwa kwa penalti. Ndiyo maana kwetu sisi dabi ya mtoano na dabi ya ligi ni vitu viwili tofauti. Ya ligi inachezwa Dar es Salaam. Ukitaka kuiona unapanda boti saa mbili hivi za bahari, unaangalia, unarudi, na ikiwa sare kila mtu anarudi na chake na maneno yanaendelea. Huku inatujia mara chache, Januari, na ikija ni ya kutolewa mtu. Lazima upande mmoja ulale umefungwa. Na huyo atakayelala amefungwa ni mtu unayekula naye sinia moja.

Nyumba yangu: mimi Yanga, baba Yanga, mama Simba, mke wangu Simba, mwanangu wa kwanza Yanga, wa pili bado anatutazama. Hapa mtaani sijui nyumba ya rangi moja. Huku Unguja hatuna upande wa mji wa Simba na upande wa mji wa Yanga. Mtani wako yuko ndani, ndiye anayekutilia chai. Kwa hiyo kungoja kwenyewe tunangoja pamoja, na huko ndiko kulikonifanya nikae kuandika haya yote.

Kunaanza usiku ule timu ya pili inapofuzu. Tuseme leo Yanga wamepita, kesho Simba wanapita: hapo hapo, kabla hujatoka uwanjani, unasikia vespa zinapiga honi kuelekea Michenzani. Asubuhi ukienda Darajani jezi zimekwisha kutundikwa, nyekundu upande huu, kijani na njano upande ule, na bei si ya jana. Barazani kwetu Kikwajuni tunahama. Siku za kawaida mtu anakaa anapopata. Ikifika dabi ya mtoano Simba wanakaa baraza ya kulia kwa mlango, Yanga ya kushoto, muuza kahawa anapita katikati. Hakuna aliyeweka sharti hilo. Tumelikuta. Na wazee ndio wanaolishika zaidi: nimemwona mtu wa miaka sabini na kitu, goti linamuuma, anainuka polepole anavuka kwenda upande wake kwa sababu tu habari ya nusu fainali imefika.

Maneno ya siku hizo ni mengi na ni matamu. Mtu hakusalimii, anakuuliza, "Yakhe, umeshanunua panadoli?" Mke wangu huanika kanga nyekundu mbili kwenye kamba ya mbele, pahala ambapo nguo haianikwi siku nyengine yoyote, na mimi ninapotoka alfajiri lazima nipite chini yake. Watoto wa chuoni wanagawana mistari ya mkeka. Kaskazi inavuma, jua kali, mji una sherehe za Mapinduzi, tarehe 12 ni mapumziko, watu wanashuka na boti kutoka bara, wengine wanatoka Pemba. Nakwambia, mimi nimeoa, nimezaa, nimekwenda Makka, lakini furaha ya siku mbili hizo ina mahala pake kifuani ambapo kitu chengine hakikai.

Sasa swali la nani ana nafasi. Ndugu yangu, usilitafute jibu hilo, nami nitakwambia kilichonifunza.

Mwaka 2017 Yanga tulipigwa 4-0 na Azam kwenye makundi. Nne! Siku tatu baadaye, tarehe 10 Januari, tunakutana na Simba nusu fainali. Barazani upande wetu tulikuwa wachache. Wengine walijifanya wana safari. Kila mtu alisema Simba watatufunga idadi. Nikaenda Amaan nimekata tamaa, na dakika tisini zote hakuna bao. Timu iliyokula nne ikasimama na Simba mpaka filimbi. Zilipofika penalti nikashindwa. Moyo ulikuwa unanigonga mpaka nikaogopa, nikashuka ngazi nikatoka nje ya geti, nikasimama karibu na muuza karanga, nazisikiliza kelele kupitia ukutani. Tukatolewa 4-2. Lakini kilichonikaa si kufungwa. Ni kwamba vijana wale walipiga penalti zao na mimi sikuwa pale. Nilijuta barabara nzima mpaka nyumbani. Na fainali, Azam wakaifunga Simba 1-0, bao la Himid Mao, kwa hiyo hata aliyetutoa hakulibeba.

Mwaka 2021 ikawa kinyume. Simba walikuwa juu: tarehe 6 Januari wameipiga FC Platinum ya Zimbabwe 4-0, wameingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kocha Sven Vandenbroeck akaondoka siku ya pili yake, timu ikaja Unguja chini ya Suleiman Matola, lakini nani alijali? Walijiona wamekwisha kulichukua kombe. Sisi tulipita nusu fainali kwa penalti mbele ya Azam, miguu ikitutetemeka. Fainali tarehe 13, usiku.

Mimi nilikuwa na tiketi. Mjomba miguu yake mwaka ule ilikuwa haipandi tena ngazi za jukwaa, na nilipopita kumuaga baada ya magharibi nikamkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya, amekaa barazani upande wa kulia, peke yake. Wenziwe wote wa Simba wamekwenda Amaan. Nikaitazama tiketi. Nikampa mtoto wa jirani, nikarudi kukaa baraza ya kushoto.

Tukatoa televisheni nje, juu ya meza, waya umepita dirishani. Mbele yetu, ng'ambo ya uchochoro, kuna kinyozi, na kwa kinyozi wamejaa Simba watupu na redio. Kama hujawahi kukaa hivyo, jua jambo hili: redio inatangulia king'amuzi. Sekunde chache tu, lakini kwenye mtoano hizo sekunde ni mtihani. Mpira unaona uko katikati ya uwanja, na kule kwa kinyozi wameshapiga kelele za "aah!" Kipindi cha kwanza tuliwaomba wapunguze sauti, wakapunguza, kisha wakasahau. Dakika tisini zikaisha 0-0.

Penalti tulizisikia kabla ya kuziona. Kinyozi wakipiga ukelele, tunajua Simba amefunga au Yanga amekosa. Wakinyamaza, tunajua kinyume chake. Mjomba hakuwa anatazama televisheni tena. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango wa kinyozi, kikombe cha kahawa mkononi hakijafika mdomoni, na mimi nikawa namtazama yeye. Ukelele. Kimya. Ukelele. Sikuhesabu. Nilisema moyoni mara hii sitoki hapa hata nikizimia.

Halafu kikaja kimya kirefu, na kinyozi mwenyewe akatoka nje na mashine bado mkononi inalia, akasimama uchochoroni. Mjomba akanigeukia. Kwenye televisheni mpigaji alikuwa bado anarudi nyuma. Akaniambia, "Mmeshinda, mwanangu," kwa sauti ya chini sana, na mimi nikasubiri zile sekunde zipite, ndipo nikainuka nikapiga kelele. 4-3.

Yeye ndiye aliyenipa habari ya ushindi wangu. Nimefikiri sana kuhusu hilo. Mzee yule alizipata sekunde nne au tano za kujua amefungwa, angeweza kuzitumia kwa uchungu wake, akazitumia kunibashiria.

Mikate: kwetu aliyeshinda ndiye anayenunua. Najua kwengine aliyefungwa ndiye anayelipa. Sisi tumekuta hivi. Asubuhi ya tarehe 14 nilikwenda kununua mofa, mikate kumi na miwili ya moto, na supu ya pweza kwenye chombo, nikaipeleka baraza ya kulia kwa mkono wangu. Simba wote walikuwepo. Aliyefungwa hakimbii baraza, hilo nalo ulijue, kwa sababu mwaka uliofuata, 2022, wao ndio waliochukua kombe kwa kuifunga Azam 1-0 na wakatuletea mofa ingawa hatukuwa fainali. Na 2024 Mlandege yetu ilipoifunga Simba 1-0 kwenye fainali, Mlandege iliyokuwa imelichukua na mwaka wa nyuma yake, hapo mikate ilinunuliwa na mtaa mzima, maana hata Simba wengine walikuwa hawajui wahuzunike au wafurahi: timu ya nyumbani imeweka jina. Mwaka 2025 zilicheza timu za taifa, Gombani, Pemba, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1, na baraza zote mbili tukakaa moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Morogoro, ukiniuliza nafasi nitakwambia wiki hiyo tazama mambo mawili: nani kipa wake yuko sawa, na wapigaji penalti ni akina nani na wamechoka kiasi gani, kwa sababu mashindano haya ni mafupi na mechi zimefuatana. Mabao manne ya siku tatu nyuma yasikutishe wala yasikudanganye.

Uwanjani nenda, hasa kama hujaiona Amaan tangu ilipofunguliwa upya Desemba 2023. Nenda mapema, kabla ya alasiri, mageti yanapokaribia kufungwa watu wanasukumana na wenye watoto wanapata tabu. Mwaka mmoja nilimbeba mtoto wa mtu nisiyemjua juu ya kichwa mpaka ndani. Beba maji. Magharibi utaswali hapo hapo, watu wanapeana nafasi. Nunua tiketi kwenye kituo chenyewe, usinunue mkononi mwa mtu njiani. Na zikifika penalti usitoke. Nakuomba usitoke.

Ikiwa tiketi umekosa, njoo Kikwajuni. Utaona televisheni imetolewa nje na kinyozi mbele yake. Sisi tuko kushoto kwa mlango. Mjomba bado yupo, alhamdulillahi, anakaa kulia, pembeni kabisa, karibu na dirisha. Mpe shikamoo yake kwanza kabla hujakaa, na jezi usiifiche. Ataifurahia. Atakuuliza Morogoro mmeanza lini kuipenda Yanga, nawe mjibu kwa kirefu, kahawa ipo.