Aliyerudi ni nani?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, mama yako anazirudisha na nyongeza. Umeniuliza kama mashujaa wa tenzi za kale hubadilishwa kweli na safari zao, au hurudi walewale na makovu tu yameongezeka. Mimi linalonikera ni jingine: nani mwenye haki ya kusema kwamba msafiri amebadilika?

Msimamo wangu mnaujua, wewe na dada yako mmeuchoka: njia haimbadilishi mtu, kurudi ndiko kunakombadilisha. Mtazame Odysseus, mfalme wa Ithaca katika utenzi wa Kigiriki wa Odyssey. Miaka 20 hayupo, 10 vitani Troy na 10 akitangatanga, na huko baharini bado ni mpenda sifa. Akisha kulitoroka lile jitu la jicho moja, badala ya kukimbiza chombo kimya kimya, akalipigia kelele jina lake na la babake. Kwa jina hilohilo jitu likamwombea laana kwa Poseidon, mungu wa bahari. Sasa mwone yuko kwake Ithaca, kavaa matambara ya ombaomba. Antinous, mmoja wa wachumba wanaomtaka mkewe, anamtupia kigoda, kinampata begani, naye anatikisa kichwa tu. Anameza tusi ukumbini mwake mwenyewe!

Ila ngoja. Baadaye aliwaua wachumba wote, na wajakazi 12 wakanyongwa. Pengine hakubadilika hata kidogo, alikuwa anavizia. Na Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika utenzi wa kale wa Mesopotamia, ndiye ananiharibia hoja kabisa: yeye alibadilika kabla hajatia mguu njiani, pale alipokatalia maiti ya rafiki yake Enkidu isizikwe mpaka funza akadondoka puani. Safari yake ya kutafuta uzima wa milele ilizaliwa na badiliko hilo. Kisha akarudi Uruk mikono mitupu, mmea wa kurudisha ujana kaula nyoka, akamwonyesha mwenye mashua kuta za mji kwa maneno yaleyale ya mwanzo wa utenzi.

Lakini hayo tuyaache. Ukurasa unaonishinda ni ule wa kibanda cha mchunga nguruwe. Telemachus, mwana wa Odysseus, aliachwa mchanga. Baba anajitambulisha, na kijana anamkana: wewe si baba yangu, ni mungu fulani unanihadaa nizidi kulia. Nikifika hapo nafunga kitabu. Ile jioni niliporudi kutoka masomoni, begi lingali begani, ulichungulia nyuma ya mama yako, ukasogea kwa adabu zote, ukaniamkia: "Shikamoo, mjomba." Shangazi yako alicheka mpaka akakaa chini, na kila harusi lazima aisimulie. Odysseus alimwambia mwanawe kwamba hatakuja Odysseus mwingine zaidi ya huyu. Mimi nilijibu "Marahaba." Ningesema nini? Na wewe ulikuwa na haki, maana mtu uliyekuwa ukimwita baba ulimjua kwa picha ya ukutani, na yule wa ukutani hakuwa na ndevu.

Halafu yule mbwa wa Odysseus, Argos, mzee, kalala juu ya samadi, alimtambua mara moja. Hilo nalo linaniudhi.

Basi walibadilika au la? Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha. Ila insha ni yako, na ninavyokujua nikilitamka utaliandika lilivyo. Soma kwanza pale Penelope, mkewe Odysseus, anapoagiza kitanda kihamishiwe nje, uniandikie unadhani alikuwa akimpima nani.

Babako