Nyanya zikilegea saa saba mchana, usikimbilie ndoo

Msimu wangu wa kwanza wa nyanya kule Luchelele, Mwanza, niliua karibu miche yote, na niliiua kwa maji. Ziwa liko pale chini, pampu ya kuazima ipo, basi jua la Agosti likipanda na majani yakilegea, mbio na ndoo. Asubuhi namwagilia, saa saba namwagilia, jioni tena. Majani ya chini yakageuka manjano. Nikaongeza maji!

Mama mmoja jirani, akipita na mzigo wake wa kuni, akasimama. "Mwanangu, hizi zina kiu au zinazama?" Akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda linachomoka ukilivuta, harufu kama ya mtaro.

Mizizi nayo inapumua. Udongo ukijaa maji hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauvuti kitu. Nyanya zangu zilikufa kwa kiu zikiwa zimesimama kwenye tope.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mmea hauna pampu. Anayevuta maji ni jani. Lina vitundu vidogo mno, stomata, vingi vikiwa upande wa chini. Mvuke ukitoka hapo, maji ya nyuma yanafuata, kwa kuwa chembe za maji hushikana kama kamba moja kutoka jani hadi mzizi, ndani ya mirija myembamba ya zailemu. Wanasayansi Dixon na Joly walilieleza hili huko Dublin, Ireland, mwaka 1894. Ukitaka kuiona mirija hiyo, chukua jani la chainizi lenye bua jeupe, kata kitako, lisimamishe kwenye glasi ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Kesho yake mishipa imekuwa myekundu mpaka juu.

Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoingia mzizini huishia hewani. Mchana wa jua kali jani linapoteza haraka kuliko mzizi unavyoleta, ndipo linalegea. Jua likishuka linasimama lenyewe.

Kwa hiyo saa saba siku hizi nakunywa uji wangu. Ninakagua saa kumi na mbili asubuhi. Mche ukiwa bado umelegea saa hiyo, nazamisha kidole hadi pingili ya pili. Pakavu, namwagilia, tena kwenye shina, taratibu. Pabichi, nakata kipande cha shina na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna maji wala dawa ya kuuponya. Ng'oa, choma moto, na usirudishe hapo nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo.

Mimi pale nimepanda mahindi.