Jibu: Tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umesema umeme ukikatika kompyuta ya duka inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, tovuti zinakataa kufunguka, na fundi anataka kufuta kila kitu aweke Windows upya. Usikubali kwanza.

Anza na betri ya ubao mama (ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta), ile ya duara kama sarafu, iitwayo CR2032. Ikifa, saa haishiki. Na tarehe ikikosewa, kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti. Chomoa waya wa umeme, betri hiyo ipime kwa mita ya volti: mpya huwa volti 3. Ikishuka chini ya 2.5, badilisha. Tazama na kishikio chake. Hapa kwetu Lamu hewa ya chumvi hukiotesha kutu ya kijani. Mimi hukisugua kwa kifutio cha penseli mpaka king'ae.

Mwaka wangu wa pili kazini nilifuta diski ya mwenye duka kwa tatizo hilihili. Daftari lake lote la madeni likapotea, na umeme ulipokatika tarehe ikarudi nyuma vilevile. Tangu hapo siigusi mashine ya mtu kabla ya kunakili data zake kwenye diski ya nje.

Saa ikiendelea kurudi hata kwa betri mpya, huenda ubao wenyewe ndio mbovu. Hapo tafuta fundi wa kuchomea vipuri vya ubao, mimi kazi hiyo siiwezi.