Maswali na majibu: Chembe za nano na damu iliyovuja kichwani

*Shikamoo daktari. Baba alipasuka mshipa kichwani, leo ni siku ya tisa yuko wodini. Nimesoma kuhusu chembe za nano zinazopeleka dawa hadi kwenye ubongo na kutuliza mchochota. Zinapatikana wapi na ni bei gani? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hazipatikani popote. Hakuna dawa ya nano iliyoidhinishwa kwa mgonjwa aliyevuja damu ubongoni, si Dar es Salaam, si Mumbai, si London. Ulichosoma ni kazi ya maabara, na waliotibiwa humo ni panya. Akija mtu kusema anayo, usimpe hata shilingi, wala usiuze shamba kwa ajili ya safari hiyo.

Wazo lenyewe lina maana kubwa, ndiyo maana nalieleza. Damu ikivuja, madhara huja kwa awamu mbili. Kwanza donge hukandamiza ubongo. Kisha, kwa siku kadhaa, chembe nyekundu za damu hupasuka na kumwaga himoglobini na madini ya chuma, na hivyo ni sumu kwa seli za neva. Seli za ulinzi za ubongo, maikroglia, huamka kusafisha, na zikizidisha huharibu hata sehemu iliyokuwa nzima; huo ndio mchochota. Dawa za kutuliza hali hiyo zipo, ila kuta za mishipa ya ubongo huzuia dawa nyingi kupita. Ndipo watafiti wakafikiria kuifungia dawa ndani ya chembe ndogo, ambazo mamia yake yakipangwa sambamba ndiyo yanafikia unene wa unywele mmoja, na kuzivika ganda linalotambuliwa na seli zinazolengwa. Huko Korea Kusini, chembe za madini ya seria zilipunguza uvimbe kwenye ubongo wa panya waliovuja damu. Kikwazo kikubwa ni kwamba chembe nyingi zikidungwa kwenye mshipa huishia kwenye ini na bandama, zinazofika kichwani ni chache mno.

Na panya si baba yako. Deferoksamini, dawa inayonasa madini ya chuma, iliwafaa wanyama vizuri. Ilipojaribiwa kwa watu katika utafiti wa i-DEF, uliotolewa mwaka 2019, ilikuwa salama, lakini hali ya wagonjwa siku ya 90 haikufikia kiwango kilichowekwa cha kuiona inafaa.

Wewe leo waulize wauguzi mambo manne: presha yake ni ngapi, sukari ni ngapi, ana homa, anameza salama? Hayo yana nguvu kuliko unavyodhani. Utafiti wa INTERACT3 wa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati, ulishusha presha ya juu chini ya 140 ndani ya saa moja, ukadhibiti sukari na homa, na ukabatilisha nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa waliokuwa wakizitumia. Waliotibiwa hivyo walipona vizuri zaidi. Hakuna nano hapo.

*Kama tatizo ni mchochota, kwa nini hamtoi deksamethasoni? Kila duka la dawa inayo. (Msomaji, Nakuru)*

Kwa sababu ilijaribiwa. Jaribio la Bangkok lililochapishwa mwaka 1987 lilisitishwa kabla ya wakati: vifo havikupungua, maambukizi na matatizo ya sukari yakaongezeka. Na hicho unachokisema, kwamba kila duka inayo, ndicho kinachonitia hofu.

*Mtu akipooza ghafla upande mmoja, nimpe aspirini? (Wasomaji wengi)*

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi na bado linakuja. Kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka hufanana kwa macho, na kinachovitofautisha ni CT scan, kipimo cha picha za ndani ya kichwa. Aspirini kwa aliyepasuka inaweza kuongeza uvujaji. Andika saa dalili zilipoanza, mlaze ubavu, usimpe chakula wala maji, mpeleke hospitali yenye kipimo hicho.

*Kuna "nano ya manjano" inauzwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, inatibu kiharusi. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)*

Si kweli. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye bizari ya manjano, imefungwa kwenye chembe za nano na kujaribiwa kwa wanyama, na muuzaji huyo anakopa jina tu. Chupa yake haina ushahidi wowote. Mbaya zaidi, wanunuzi wake huacha vidonge vya presha.

*Basi nano yote ni utapeli? (Msomaji, Mombasa)*

La. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa kwenye viputo vya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Chanjo za UVIKO-19 za mRNA nazo zilisafiri hivyo hivyo.

*Presha yangu imeshuka hadi 128. Naacha dawa? (Msomaji, Dodoma)*

Usiache. Imeshuka kwa sababu unameza.