Mikanda Myeusi Kwenye Filamu Si Ugonjwa wa TV

SWALI: Salaam aleikum fundi. Juzi usiku nilitazama filamu ya Thor, ile ya 2011. Sikuitarajia kitu, nilidhani ni makelele ya nyundo tu, lakini ilinishika hadi mwisho. Shida ni TV yangu ya inchi 43: juu na chini pana mikanda myeusi, picha kila mara yaenda upogo, na kule kwa majitu ya barafu ni giza. Taarifa ya habari naiona sawa. Fundi mmoja hapa Kisauni asema paneli imekufa, ataka kuifungua. Nimpe?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usimpe.

Paneli, yaani kile kioo chenyewe cha picha, haiwezi kuinamisha picha. Kila nukta imekaa safu yake tangu kiwandani. Ikiharibika utaona mistari, mabaka au skrini nyeusi. Rudia filamu ukiwa umewasha maandishi ya tafsiri. Picha ikienda upogo, yatazame maandishi: yamenyooka kama rula. Kilicholala ni kamera. Mwongozaji Kenneth Branagh aliilaza makusudi, tena mara nyingi, na wako waliomlaumu. Mimi naona ilifaa, kwani Thor huyu ametoka kwenye vitabu vya katuni tangu 1962, na humo picha huchorwa upogo mara nyingi. Na Branagh ni mtu wa tamthilia za Shakespeare, ndiyo maana nyuma ya nyundo kuna kisa cha baba na wana wawili. Hicho ndicho kilichokushika.

Giza la Jotunheim, kule kwa majitu ya barafu, nalo ni la makusudi. Nenda kwenye kile kimji cha jangwani New Mexico, mchana. Jua likiwaka vizuri, taa za ndani ya TV ni nzima. Zima hali ya kuokoa umeme, funga pazia. Kama nakala yako ya flashi ilibanwa sana ili iwe ndogo, hapo hapana fundi wa kukusaidia.

Sasa hiyo mikanda, ambayo haipiti wiki sijaletewa TV kwa ajili yake. Chukua futi ya fundi cherehani upime: kioo chako kina upana wa kama sentimita 95 na kimo cha 53. Filamu hii imetengenezwa pana, upana wake ni mara 2.39 ya kimo, basi picha nzima yachukua kimo cha sentimita 40 hivi. Zinazobaki zagawanyika juu na chini, karibu saba kila upande. Hakuna kilichopungua. Lakini watu hushika rimoti wakaikuza mpaka ijae, na robo ya picha ikapotelea pembeni pamoja na waliosimama hapo. Wengine huivuta kwenda juu, Thor akawa mwembamba kama mlingoti wa jahazi. Halafu wanafurahi eti TV imepona!

Na wako wanaojiita mafundi wanaokula kwa kutojua huko. Mama mmoja wa Majengo aliniletea TV iliyofunguliwa kwa ajili ya mikanda hiyohiyo. Ilitoka kwake nzima. Aliyeifungua aliivuta paneli kwa pupa, utepe mwembamba wa ukingoni ukachanika, na utepe ule hauungwi kwa risasi ya kuchomea. Paneli mpya ni karibu bei ya TV yenyewe.

Yeyote anayetaka kufungua TV yako, mwambie kwanza akuonyeshe ubovu huo kwenye taarifa ya habari. Asipouona, bisibisi irudi mfukoni.