Dakika 30 za tamasha: ushauri kwa wanamuziki wachanga wa Lubumbashi

Wadogo zetu mnaofanya mazoezi katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, kuna swali mnalolirudia: ni kweli mtu anaweza kupanda jukwaa la tamasha kubwa bila kujulikana, akashuka dunia nzima inamtafuta? Ni kweli, imetokea zaidi ya mara moja. Ila ukiwachunguza waliofanikiwa hivyo, utakuta kila mmoja alipanda akiwa na kitu kilichokwisha kuandaliwa, kitu ambacho watazamaji hawakukiona. Hicho ndicho tunataka mkijue kabla hamjatuma hata barua moja ya maombi.

Chukueni Santana. Tarehe 16 Agosti 1969, siku ya Jumamosi mchana, bendi hiyo ilipiga kwenye tamasha la Woodstock, katika jimbo la New York, na haikuwa na albamu hata moja sokoni. Bill Graham, mwandalizi wa maonyesho wa San Francisco, ndiye aliyesukuma mpaka wakapewa nafasi. Albamu yao ilikuwa imekwisha kurekodiwa na ilitoka mwezi uleule, kwa hiyo aliyerudi nyumbani akiwaulizia dukani aliipata. Mwaka 1970 ikatoka filamu ya tamasha, na wimbo wao mmoja usio na maneno, ambao mpiga ngoma Michael Shrieve anang'ara ndani yake, ukaonekana na mamilioni ya watu ambao hawakufika Woodstock. Albamu ikapanda hadi nafasi ya 4 Marekani. Angalieni mpangilio: kwanza kurekodi albamu, kisha jukwaa, kisha filamu. Bert Sommer aliimba kwenye jukwaa hilohilo siku moja kabla, na watu walimpokea vizuri sana, lakini filamu ilimwacha nje. Leo hata wapenzi wengi wa muziki wa roki hawalijui jina lake.

Janis Joplin alilielewa jambo hilo kwa siku moja tu. Juni 1967, kwenye tamasha la Monterey huko California, bendi yake, Big Brother and the Holding Company, ilipiga Jumamosi na kamera hazikurekodi, kwa sababu meneja wao alikataa. Watu walishangilia kiasi kwamba bendi ilipewa nafasi ya pili Jumapili, na safari hii kamera ziliwashwa. Picha za Janis akiimba mnazoziona mpaka leo ni za Jumapili hiyo. Jimi Hendrix naye, aliyechoma gitaa lake Monterey usiku huohuo, hakuwa mgeni wa kazi: alikuwa tayari na nyimbo zilizovuma Uingereza. Waliokuwa hawamjui ni watu wa nchi yake mwenyewe.

Na tusiangalie mbali tu. Mzee wetu Mwenda Jean Bosco alirekodiwa gitaa lake na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, akiimba Kiswahili cha kwetu. Rekodi ilitangulia miaka 17. Staff Benda Bilili wa Kinshasa walipofika kwenye tamasha la Eurockéennes, Belfort, Ufaransa, Julai 2009, albamu yao ilikuwa imetoka miezi michache tu kabla.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni rekodi, hata ya nyimbo tatu tu, zilizochanganywa vizuri na kupakiwa kwenye majukwaa ya mtandaoni ya kusikiliza muziki wiki 4 kabla ya tamasha, si usiku wa kuamkia. Kila wimbo hupewa namba ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Msambazaji wa mtandaoni huitoa. Iandikeni mahali, msiipoteze. Kabla ya kupakia, kaeni bendi nzima mwandike kwenye karatasi nani alitunga maneno, nani alitunga melodia, na kila mmoja ana asilimia ngapi, jumla iwe 100. Wote wasaini. Kisha tangazeni nyimbo zenu SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo. Ugomvi wa asilimia hauzuki wakati hakuna pesa. Huzuka wiki ile wimbo unapoanza kupigwa redioni, na bendi nyingi nzuri hufia hapo.

Dosie ya maombi iwe nyepesi. Nyimbo tatu, video moja ya dakika 3 hadi 5 mkipiga moja kwa moja bila kukatakata, maelezo ya maneno 150, picha mbili (moja ya upana, moja ya wima), na fishi tekniki ya ukurasa mmoja, yaani karatasi ya kumweleza fundi wa sauti mahitaji yenu ya jukwaani. Video ya klipu yenye magari na nguo za kukodi haimsaidii mchaguzi. Yeye anataka kujua kama mnaweza kusimama jukwaani na kupiga. Kwa matamasha ya Ulaya ya kiangazi, tumeni miezi 8 hadi 10 kabla.

Fishi tekniki ndiyo inayowatofautisha watu wa kazi na wapita njia, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Juu kabisa weka mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, nani anahitaji umeme, bafle za kujisikilizia ziko ngapi na ziko wapi. Chini yake, orodha ya chaneli, yaani kila sauti inayoingia peke yake kwenye konsoli, mashine ya kuchanganya sauti. Bendi ya kawaida ya hapa kwetu huwa hivi: bateri, yaani seti ya ngoma, chaneli 7 (ngoma kubwa, kesi yaani ngoma ndogo ya kati, charlestoni yaani sahani mbili za mguu, tomu mbili, na mikro mbili za juu), besi 1, gitaa la solo 1, gitaa la mi-solo (kati ya solo na ridhimu) 1, kibodi 2, tumba 2, mwimbaji mkuu 1, korusi 2. Jumla 17. Konsoli nyingi za kukodi mjini zina chaneli 16, na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana fundi wa sauti anagundua upungufu dakika tano kabla hamjaanza, akakata anachotaka yeye. Amueni ninyi mapema: kibodi ipigwe mono, ibaki chaneli moja, mmefika 16. Andikeni hilo kwenye fishi ileile: «ikiwa chaneli ni 16 tu, kibodi mono».

Kwenye tamasha msitegemee balansi ndefu, yaani muda wa kujaribu sauti. Kati ya bendi na bendi kuna dakika 15, pengine 20, na ndani yake vyombo vya waliotangulia lazima vitoke. Kinachofanyika ni kukagua kila chaneli kwa sekunde chache: ngoma kubwa, sawa, kesi, sawa, besi, sawa. Kwa hiyo fungeni sahani za bateri kwenye stendi zake na tyuni magitaa mkiwa nyuma ya jukwaa. Pedali zote ziwe zimeunganishwa juu ya ubao mmoja, zipandishwe zikiwa tayari. Nyuzi mpya za gitaa zifungwe jana yake, zivutwe na kutyuniwa mara kadhaa. Ukizifunga asubuhi ya onyesho zitaendelea kulegea, na wimbo wa pili utapigwa nje ya sauti. Kila mpiga gitaa awe na jaki (waya za gitaa) mbili za akiba na betri ya volti 9. Pedali za kutoka Marekani zenye adapta ya volti 110 zikichomekwa kwenye 220 zinaungua palepale, basi someni maandishi ya adapta kabla ya kuchomeka.

Umeme wa jenereta huleta mlio wa «mmm» kwenye besi na kibodi. Mara nyingi chanzo ni kwamba ampli imechomekwa chanzo kimoja na konsoli chanzo kingine, hivyo ardhi mbili zinagombana kupitia waya wa sauti. Boksi ya DI, kisanduku kinachounganisha chombo na konsoli, ina kitufe kidogo cha kutenganisha ardhi, kibonyezeni. Msikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili mlio uishe. Mwimbaji aliyeshika mikro ya chuma, akigusana na mpiga gitaa ambaye ampli yake haina ardhi, anaweza kupigwa shoti ya kumuua.

Kosa la sauti linaloharibu maonyesho mengi kuliko yote huanzia kwa mpiga solo. Anaongeza ampli yake kwa sababu amesisimka. Mwimbaji hajisikii tena, anaomba aongezewe kwenye bafle ya mbele yake. Mikro inaanza kumeza sauti ya bafle na kuirudisha, larseni inapiga kelele. Fundi anapunguza sauti ya mwimbaji kote, na watazamaji wanabaki na gitaa bila maneno. Ampli ya gitaa isielekezwe kwenye magoti. Inueni juu ya kreti au ielekezeni kichwani mwa mpigaji, atajisikia akiwa chini ya nusu ya sauti. Na mwimbaji asikumbatie kichwa cha mikro kwa kiganja, kwa sababu hilo peke yake linatosha kuleta larseni.

Sasa nyimbo zenyewe. Muziki wetu una mazoea yake: maneno taratibu dakika tatu au nne, ndipo seben, sehemu ya magitaa ya kuchezesha, inafunguka na atalaku, mpiga kelele za kuchangamsha, anaingia. Kwenye baa ya Kamalondo mpangilio huo ni mtamu, watu wamekaa na wana usiku mzima. Uwanjani mtu amesimama mita 40 kutoka jukwaani, hakuja kwa ajili yenu, na baada ya dakika moja au mbili anaweza kwenda kutafuta brosheti. Fungueni na wimbo unaojitambulisha ndani ya sekunde 30. Si lazima uwe wa kasi. Uwe tu na kitu ambacho hakuna bendi nyingine siku hiyo inacho. Seben ya dakika nane ikatwe ibaki tatu, na ikatwe mazoezini kwa kuhesabu mizunguko, si kwa kumtazama kiongozi na kukisia.

Mkipewa dakika 30, andaeni muziki wa 25. Nyimbo tano, kwa mfano 4, 4, 5, 4 na 6, ni dakika 23. Mbili zilizobaki ni za salamu na makofi. Fanyeni mazoezi na saa ya simu ikihesabu, mara kumi kamili, mkiwa mmesimama, bila kukatiza hata mkikosea. Waandalizi wakichelewa watawapunguzia muda, kwa hiyo jueni mapema wimbo unaoruka. Uruke wa tatu, kamwe si wa mwisho. Mpiga bateri awe na metronomi sikioni kabla ya kila wimbo, hata kwa mapigo manne tu, kwa sababu mwili uliojaa hofu na furaha hukimbiza muziki bila mpigaji kujua.

Andaeni pia namna ya kupiga bila chochote. Tarehe 11 Juni 1988, Wembley, London, kwenye tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela, Stevie Wonder alikwama kwa sababu diski ya kibodi yake haikupatikana. Tracy Chapman, aliyekuwa amekwisha kuimba mapema siku hiyo, akarudishwa jukwaani na gitaa lake moja na mikro. Albamu yake ilikuwa sokoni tangu Aprili, na baada ya hapo ilifika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Kila bendi iwe na nyimbo mbili zinazosimama kwa gitaa moja na sauti moja. Umeme ukikatika, au mwandalizi akitafuta mtu wa kujaza pengo, anayesema «mimi niko tayari» ndiye anayepanda.

Kuhusu kurekodi onyesho, ulizeni kabla ya kusaini. Mkataba ukisema tamasha lina haki ya kurekodi, uonyeshe kwa muda gani, kwa matumizi gani, na kama ninyi mnapata nakala. Msisaini «milele na kwa njia zote» bila malipo. Mkifuata njia ya meneja wa Janis na kukataa moja kwa moja, nanyi mtapotea. Ombeni nakala, na ruhusa ya kutumia nyimbo mbili.

Konsoli nyingi za kidijitali zinaweza kurekodi kila chaneli peke yake. Kwa ubora wa 48 kHz na biti 24, chaneli moja hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Chaneli 16 kwa dakika 30 ni zaidi kidogo ya gigabaiti 4. Leteni diski ya gigabaiti 32, kwa maana rekodi ya stereo ya kutoka konsoli peke yake hudanganya: fundi huchanganya kwa ajili ya uwanja, na ampli ya gitaa ikiwa tayari inasikika kutoka jukwaani, ndani ya rekodi gitaa hilo linakuwa dogo mno. Wekeni pia simu mbili zisizosogea, moja katikati karibu na konsoli, moja pembeni ya jukwaa. Kofi moja kubwa mwanzoni litasaidia kuoanisha picha na sauti.

Anayealikwa Ulaya aanze pasipoti leo. Kwa visa ya Schengen, pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa si zaidi ya miaka 10 iliyopita, na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka huko. Bima ya safari ifike euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, jibu la kawaida ni siku 15, lakini linaweza kufika 45. Akichelewa mwanamuziki mmoja tu, bendi haipo.

Halafu kuna siku tatu za baada ya onyesho, ambazo wengi huzitumia kulala na kusherehekea. Siku hizo ndizo waandalizi wengine wanaandika. Swali lao la kwanza huwa moja: mna onyesho la saa nzima? Tamasha linataka dakika 30, lakini ukumbi unaouza tiketi unataka 60 hadi 75, na bendi yenye nyimbo tano tu inalazimika kukataa. Muwe na nyimbo 12 zilizofanyiwa mazoezi kabla ya kupanda jukwaa la tamasha. Video ya wimbo bora iwekwe hewani ndani ya saa 48, jina la bendi, mji na mwaka vikiwa kwenye kichwa chake, na chini yake anwani moja ya barua pepe na namba moja ya simu. Simu hiyo akae nayo mtu asiyepiga chombo, aliyebaki Lubumbashi, anayejua bei yenu na tarehe mlizo huru, ili anayepiga mkiwa bado ndani ya ndege apate jibu.