Shangazi, hela ya meza haitoshi na mama mkwe anasukuma sahani

Shikamoo Shangazi,

Naishi Igoma, hapa Mwanza. Nyumbani tuko watu kumi na mmoja: mimi na mume wangu, watoto wetu wanne, mama mkwe aliyekuja kutoka Kwimba kutibiwa macho akabaki, shemeji zangu wawili wakubwa, na watoto wawili wa marehemu wifi yangu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Kila asubuhi anaacha 10,000 mezani. Mkaa unachukua 2,000, mafuta ya kupima 1,000, nazi mbili 2,400, sukari nusu kilo 1,600. Inayobaki natafutia mboga, nyanya na vitunguu. Unga na mchele nachukua dukani kwa daftari, tunalipa mume akimaliza kazi kubwa. Sasa deni limefika 140,000. Yeye anajua ni 60,000.

Mimi kwetu Pangani, nimezoea kupika kwa nazi, na jioni lazima wali. Mama mkwe anaonja matonge mawili, anasukuma sahani. Juzi nilimsikia akimwambia jirani kwamba namfilisi mwanawe. Nililia jikoni peke yangu. Nikipika dagaa, shemeji wananuna. Nawapakulia wote kwanza, mimi nakula kinachobaki, siku nyingine ni ukoko na chai, na mtoto wangu wa mwisho ana miezi minane, bado ananyonya.

Nifanyeje hela itoshe? Na deni nimwambie?

Mama wa Sufuria Kubwa, Igoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: ukoko na chai. Umeuandika kama jambo dogo, katikati ya habari za wengine, lakini mimi naanza nalo. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokuwa akila kabla ya mimba, na wewe unakula pungufu kuliko kila mtu chini ya dari hiyo. Kuanzia leo jioni, ukipakua sahani ya mumeo, pakua na ya kwako saa ileile, ifunike, iweke kando. Kikipungua chakula kipungue kwa wote, kijiko kimojakimoja. Kusiwe na mtu mmoja anayebeba upungufu wa watu kumi, na asiwe yule anayemnyonyesha mtoto.

Sasa tuje kwenye hela. Nimechukua kalamu nikajumlisha. Mkaa, mafuta, nazi na sukari ni 7,000. Inabaki 3,000 ya mboga. Unga na mchele, ambavyo ndivyo vinavyowashibisha, havimo kabisa kwenye ile 10,000, viko kwenye daftari. Maana yake taslimu yako inanunua moto na ladha, halafu shibe unaikopa. Hata ungekuwa mpishi hodari kuliko wote Igoma, mpango huo ungekuangusha. Kwa hiyo futa kwanza hilo wazo kwamba hujui kubana matumizi. Unabana sana, ila unabana mahali pasipo na kitu.

Nianze na nazi, na najua inauma. Kwenu Pangani nazi inaanguka uani. Hapa imepanda lori zaidi ya kilometa 1,000, na kila mkono iliopitia umeongeza chake. Nazi mbili kwa siku ni 72,000 kwa siku thelathini. Iangalie hiyo namba, kisha angalia zile 80,000 ulizomficha mumeo. Sikuambii uiache moja kwa moja. Pika wali wa nazi Jumapili, watoto wako wajue kwa bibi yao wa Pangani kunaliwaje. Siku nyingine sita tumia karanga, maana karanga ndiyo nazi ya Usukumani. Inalimwa hukuhuku, inatia mafuta na utamu kwenye mboga kwa wakati mmoja, na mafuta ya kupima utakuta yanapungua yenyewe.

Nunua karanga mbichi kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni. Zichague kwanza kwa mikono yako: iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, usiihurumie, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika. Zikaange kidogo, ondoa maganda, twanga kwenye kinu au peleka mashineni. Mboga yako ikishaiva, koroga unga wa karanga kwenye maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto, na usiache mwiko, maana karanga hushika chini upesi. Dakika kumi hivi rojo inakuwa nzito na mafuta yanaelea juu. Ijaribu kwenye maharage, kwenye kisamvu, kwenye majani ya maboga. Mgagani uchemshe kwanza umwage maji, uchungu upungue, ndipo utie karanga.

Hapo ndipo ninapomwona mama mkwe wako. Wewe umeona dharau katika ile sahani inayosukumwa. Mimi naona mama mtu mzima, macho yanamsumbua, katoka kwake Kwimba, na kila jioni anawekewa chakula asichokijua. Alichomwambia jirani hakikuwa haki na sikitetei. Lakini mama huyo amelisha familia Usukumani kwa miaka mingi bila mtu yeyote kumwachia 10,000 mezani. Elimu unayoitafuta kwangu inalala chumba cha pili.

Kesho asubuhi mwamkie kwa Kisukuma, hata kama unachapia: "Mwangaluka, mayu." Kisha mwambie, "Mama, nifundishe kupika nsansa." Yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga hayadai hata tone la mafuta. Muulize michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, anaipikaje na maharage, na viazi vya matobolwa vinachemshwa vipi kabla ya kuanikwa. Usimuulize kwa kumpima wala kwa kumfurahisha, muulize kwa sababu unahitaji kujua. Kisha mpe kazi ya kukaa, ya kuchambua choroko au kumenya karanga. Vidole vyake vinajua hata kama macho yamechoka. Na akikubali kupiga simu nyumbani, gunia la michembe au debe la choroko linapakiwa kwenye basi kutoka Ngudu, kwao Kwimba, linafika siku hiyohiyo. Hapo wanaomchangia mwanawe watakuwa ni ndugu zake.

Matobolwa yana sukari yake. Ukiyaweka mezani asubuhi, chai ya majani matupu inanyweka kwa sukari kidogo sana, na ile nusu kilo ya kila siku itakutosha siku mbili au tatu. Maandazi ya kununua achana nayo kabisa.

Shemeji wananuna wakiona dagaa. Hili nalizungumza kwa kirefu kwa sababu kununia dagaa ukiwa Mwanza kunaniumiza. Mara nyingi tatizo siyo dagaa, ni mchanga. Dagaa akianikwa chini, mchanga unaingia, na mtu akishatafuna mchanga mara mbili hamtaki tena maishani. Mimi nimekulia Kitangiri, nyumba ya watu tisa, na marehemu mama alikuwa akimpepeta dagaa kwenye ungo huku ametulia, anasikiliza. Mchanga ukigusa ungo unalia kama mvua nyepesi juu ya bati. Alikuwa haachi mpaka mlio ule uishe. Ndipo anakata vichwa, anaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, anakamua, anamkaanga mkavu kwenye sufuria bila mafuta mpaka harufu ibadilike, iwe kama ya karanga zinazoanza kuungua. Baada ya hapo kitunguu, nyanya, ndimu, na kile kijiko cha mafuta kinaingia mwisho. Sisi watoto tulikuwa tunagombania sufuria.

Kwa hiyo nunua dagaa wa kichanja, aliyeanikwa juu ya wavu. Anazidi bei kidogo, lakini hupotezi nusu kwenye kupepeta. Mzuri anang'aa kama fedha na mwili wake ni mzima. Aliyegeuka kuwa wa kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha alinyeshewa au amekaa. Huyo mwachie mwenye kuku. Tena usinunue dukani Igoma kwa vifungu. Panda daladala mpaka Kirumba, Mwaloni, ambako anashushwa kutoka visiwani kwa magunia, ununue sado kadhaa kwa mpigo. Na kabla hujatoka, tazama mwezi. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa za wavuvi hazimvuti, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Subiri siku za giza, na kusiwe na mvua nyingi, maana mvua inamharibu kwenye uanikaji. Mkavu vizuri, kwenye chombo kinachofunika, anakaa wiki nyingi.

Mtoto wako wa miezi minane naye ana fungu humo. Dagaa safi, aliyeoshwa na kukaangwa mkavu, msage awe unga laini, uchuje, utie kijiko kwenye uji wake mzito. Dagaa analiwa na mifupa yake, ndiyo maana anajenga.

Kwenye mkaa, fanya mambo mawili tu. Maharage yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa mfuniko. Ya jioni na ya kesho mchana yapike pamoja, na asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote. Usitie magadi ili yaive upesi, yanaharibu vitamini. Jambo la pili, zamu ya maharage ipunguze, ongeza choroko, zinaiva kwa moto mdogo zaidi, na zinalimwa kwenye wilaya za jirani. Vichwa vya sangara ukivipata vibichi asubuhi, supu yake ni mboga ya nyumba nzima.

Sasa deni. Mwambie, na umwambie wiki hii, kabla mwenye duka hajamwambia. Siyo wakati anaingia amechoka wala mbele ya ndugu zake. Watoto wakishalala, weka daftari mezani, mwambie hivi: "Baba watoto, kuna jambo nilikuficha kwa sababu niliogopa utaona sijui kupanga. Deni ni 140,000. Hizi hapa hesabu, tuzitazame wote." Atakasirika, pengine atanyamaza siku mbili. Vumilia. Umelisha ndugu zake, mama yake na watoto wa dada yake, hukununua vitenge. Lakini namba ilikuwa yake pia kuijua, na kumficha limekuwa kosa lako. Liombee msamaha hilo moja, usiombe msamaha kwa kulisha watu.

Akishatulia, mwombe mawili. Kwanza, geti likilipwa, kabla pesa haijagusa kitu kingine, mnunue mahindi. Gunia moja la mahindi yaliyokauka, unapeleka mashineni kwa mafungu unasaga dona. Dona linashibisha kuliko sembe na bei yake ni ndogo, ila halikai sana, saga la wiki mbili tu. Mchele nunua wa akiba baada ya mavuno, unapoingia kwa wingi kutoka Magu, Misungwi na Sengerema, na wali uwe mara mbili kwa wiki. Unga ukiwa ndani, 10,000 inageuka kuwa hela ya mboga na moto, na kila siku unaweza kumpelekea mwenye duka 2,000. Deni lote linaisha ndani ya siku sabini.

Ombi la pili ni la ndugu zake. Wanaume wawili wazima wanaokula hapo wachangie, hata kama kazi zao ni za vibarua: mmoja abebe mkaa, mwingine abebe sukari na sabuni. Neno hilo alitoe mumeo, siyo wewe. Mke akilisema linageuka kuwa masimango; kaka akilisema ni utaratibu wa nyumba. Na asiyechangia kabisa asinune mbele ya dagaa.

Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuanza kuchelewa kutoka, nenda Mwaloni, na umchukue mama mkwe kama miguu inamruhusu. Mwache yeye ashike dagaa mkononi, anuse, abishane bei. Wewe shika mfuko.